Kekee Kufa Mapema: Kosa ni la Mkono au la Mwendo?



Hivi karibuni alitujia kijana mmoja wa jamaa zetu, mwanafunzi wa ufundi wa vyuma, akiwa na kekee tatu zilizopoteza makali kwa siku moja. Msimamizi wake alikwisha mwambia kuwa hana mkono wa kazi, naye alikwisha azimia kuacha mafunzo. Tulimwuliza alikuwa akitoboa nini. Akajibu: bamba la chuma kisichoshika kutu, kwa mwendo uleule aliouzoea katika chuma laini. Hapo tukajua kuwa kosa halikuwa la mkono.

Kifaa cha kukatia hupambana na maadui wawili, msuguano na joto, na kadiri chuma kinachokatwa kinavyokuwa kigumu ndivyo maadui hao wanavyozidi nguvu. Makali ya chuma cha pua cha kawaida huanza kulegea yapatapo joto la nyuzi 250 hivi za Selsiasi. Kekee za mashine hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na tungsteni au molibdeni, nazo hustahimili hadi nyuzi 600 hivi. Zikipita hapo, hulika upesi.

Chuma kisichoshika kutu kina hila mbili zaidi. Hakipitishi joto vizuri, hivyo joto hubaki kwenye ncha ya kekee. Tena kikisuguliwa pasipo kukatwa, uso wake huzidi kuwa mgumu.

Mmarekani Frederick Taylor alianza kulichunguza jambo hili mwaka 1880. Yeye na wenzake walikereza zaidi ya ratili 800,000 za chuma kabla ya kutoa matokeo mwaka 1906. Kanuni yake ingali ikifundishwa: mwendo ukipungua kidogo, maisha ya kifaa hurefuka sana. Kwa kekee kama zile, kupunguza mwendo kwa sehemu moja katika tano huweza kurefusha maisha yake takriban mara 6.

Basi tulimshauri kijana apunguze mwendo hadi nusu, aikandamize kekee bila kulegalega ili iume daima, na asiache kumimina mafuta ya kukatia. Juma lililofuata alifanya kazi kutwa nzima kwa kekee moja, na mafunzo hakuyaacha.

Wazazi wenzetu, mtoto akishindwa, na tumwulize kwanza anakata nini na kwa mwendo gani, kabla hatujahukumu kuwa hana makali.