Mombasa: Kisiwa cha Bandari Mbili

Mombasa, au Mvita kwa jina lake la kale, ni kisiwa kilichokumbatiwa na mahori mawili ya bahari. Moja hupita kati ya Mji wa Kale na Nyali likaingia hadi Tudor. La pili hupita Likoni, likapanuka Kilindini na kuishia Port Reitz. Upande wa bara yalikutana Makupa, ambako maji yakipwa watu waliweza kuvuka kwa miguu. Hapo ndipo kisiwa kilipokuwa dhaifu. Mwaka 1589 wapiganaji Wazimba waliopiga kambi ng'ambo walizuiwa na merikebu za Mturuki Mir Ali Bey. Wareno walipofika wakaziteketeza merikebu hizo, kivuko kikabaki bila mlinzi na Wazimba wakaingia mjini.

Miaka minne baadaye, Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waliiweka juu ya mwamba wa matumbawe, penye mlango wa hori la Mji wa Kale, kwani bandari ya wakati huo ilikuwa huko. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, wala hayakuhitaji kina kikubwa. Bahari ndiyo iliyoilisha ngome: Waomani walipoizingira mwaka 1696, iliwachukua hadi Desemba 1698 kuiteka, kwa kuwa misaada ilizidi kupenya kwa njia ya maji. Santo António de Tanná, merikebu iliyotumwa kuwaokoa Wareno, ilizama mbele ya kuta zake mwaka 1697.

Kilindini, kama jina linavyoeleza, ni mahali penye kilindi. Kina hicho hakikuwa na thamani kubwa mpaka zilipokuja meli kubwa za chuma. Port Reitz nayo ilipewa jina la luteni wa Uingereza aliyefariki mwaka 1824, Waingereza walipoweka ulinzi wao wa muda mfupi Mombasa. Kilichogeuza mambo hasa ni reli: ujenzi ulianza mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria. Hata hivyo, meli kubwa ziliendelea kutia nanga katikati ya maji, shehena ikishushwa kwa matishari na kubebwa mabegani na makuli, hadi gati za kwanza za kina kirefu zilipokamilika mwaka 1926. Makuli hao hawastahili kusahauliwa. Migomo yao ya mwaka 1939 na 1947 ililazimisha serikali ya kikoloni kuitazama mishahara na makazi yao.

Maji yaliyokuwa boma la kisiwa yakawa kikwazo kwa mji uliokua. Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, na la zege mwaka 1980. Likoni ni vigumu zaidi, kwani meli zote za Kilindini hupita hapo, na daraja la kawaida lingezizuia. Kwa hiyo maelfu ya watu huvuka kila siku kwa feri, wakikata mlango uleule unaopitisha shehena za Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo.