Mfarishi wa Kushonwa kwa Mkono
Wengi wetu tumeuona mfarishi ukitoka majini mara ya kwanza, na pamba yake yote imejikusanya pembeni. Kosa si la maji, bali ni la mishono iliyoachana mno. Basi mwanafunzi na aanze kwa sindano fupi namba 8. Akizoea, ashike namba 10, kwani namba ikizidi sindano huwa nyembamba zaidi. Uzi uwe wa pamba, madhubuti, nao usizidi sentimita 45, usije ukajisokota. Kwanza tupige bandi tabaka zote tatu, tukianzia katikati, ndipo tushone, subana ikiwa kidoleni. Fundo tulivute lijifiche ndani ya pamba. Mishono tuitake kwanza iwe sawa. Udogo wake utakuja kwa mazoea.