Mwanzo wa Ngoma ni Lele: Kibao cha Arduino kwa Mwanafunzi Anayeanza

Wanafunzi wengi wamekwisha kusikia habari za vibao vidogo viwezavyo kuwasha taa, kupima joto na kuongoza mashini. Wengi hutamani kuanza na roboti itembeayo. Hununua vyombo vingi, huunga nyaya kwa kuiga picha, kisha hakuna kinachokwenda. Mtoto hukata tamaa, na wazazi husikitikia fedha yao. Kosa si la kibao, wala si la akili ya mtoto. Kosa ni kuanzia mwisho.

Tutazame kibao kijulikanacho sana, Arduino. Kilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, kaskazini ya Italia. Massimo Banzi na wenzake walitaka chombo cha bei nafuu kwa wanafunzi wa usanifu, ambao hawakuwa mafundi wa umeme. Basi tangu asili kilikusudiwa watu wanaoanza.

Kibao cha aina ya Uno, kilichotolewa mwaka 2010, kina chipu moja iliyo kompyuta ndogo kamili. Nafasi yake ya maagizo ni kilobaiti 32 tu, lakini moyo wake hupiga mara milioni 16 kwa sekunde. Hakijui neno mpaka kiambiwe; kikiisha kuambiwa hakisahau, hata umeme ukikatwa.

Kwa kuanza, vyatosha vitu vitatu: kibao, waya wa USB na kompyuta. Programu ya kuandikia maagizo hupatikana bure, na ikiisha kuwekwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Ndani yake mna mfano uitwao Blink. Ukitumwa kibaoni, taa ndogo iliyomo huwaka sekunde moja na kuzimika sekunde moja. Maagizo yana sehemu mbili: ya kwanza hutekelezwa mara moja kibao kiamkapo, ya pili hurudiwa pasipo kuchoka.

Sasa mwanafunzi aitafute namba 1000. Kibao huhesabu muda kwa milisekunde, na 1000 ni sekunde moja. Aweke 200 mahali pote penye 1000. Lakini kabla ya kuituma, aseme taa itafanyaje. Akisema kweli, amekwisha kuelewa, naye haigi tena.

Hatua ya pili ni kuunga taa ya LED ya nje. Mguu mrefu huelekea tundu namba 13, mfupi huelekea GND, na njiani lazima kiwepo kizuizi cha umeme, yaani rezista ya ohm 220, yenye mistari miwili myekundu na mmoja wa kahawia. Kwa nini? Tundu hutoa volti 5, taa nyekundu hutumia kama 2, zabaki 3. Tukigawa 3 kwa 220 twapata miliampea kama 14, kiasi kisichodhuru. Pasipo rezista, umeme hupita mno, na taa au kibao chaweza kuungua.

Tena iko miiko ya kushika. Chomoa waya wa USB kabla ya kuunga chochote. Usiunganishe 5V na GND. Usilaze kibao juu ya bati. Mota isiungwe moja kwa moja na tundu la maagizo, kwa maana hudai umeme mwingi kuliko uwezo wake. Na umeme wa nyumba usiguswe kabisa na anayeanza: huo huua.

Baada ya taa, afuate kitufe. Baada ya kitufe, kipima joto. Kila mara aongeze kitu kimoja tu. Jambo likiharibika, atajua mahali pa kutazama.

Nanyi wazazi, msimwulize mtoto amekusanya vyombo vingapi. Mwulizeni: “Mbona taa hii yawaka?” Akiweza kuwaeleza, fedha yenu haikupotea.