Mizani ya Vigwaza na Kipeo cha Nne

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro hukuta pale Vigwaza malori yenye shehena za bandarini yakipimwa uzito. Wengi hudhani kitafutwacho ni jumla ya tani tu. Jumla ina kikomo, tani 56, kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Lakini barabara haiijui jumla. Hukanyagwa na ekseli moja baada ya nyingine, na ekseli yenye magurudumu manne hairuhusiwi kuzidi tani 10.

Kwa nini ukali huo? Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa madhara kwa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Mwanafunzi na akokotoe: tani 12 badala ya 10 ni 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2, yaani zaidi ya 2. Tani mbili za ziada, na uharibifu umekuwa maradufu!

Basi hata lori la tani 45 laweza kukutwa na kosa, iwapo mizigo mizito imerundikwa nyuma na ekseli tatu za mwisho zimezidi tani 24. Tiba ni kanuni ya wenzo: shehena ikisogezwa mbele, sehemu ya uzito huhamia ekseli za mbele. Madereva wanalijua hilo vizuri. Taabu huja kwa kontena lililopakiwa ng'ambo na kutiwa lakiri, ambalo dereva hana ruhusa ya kulifungua.