Sauti ya gizani: Ubongo humtambuaje asiyeonekana?

UMEME umekatika Msambweni na mtu anabisha hodi. "Nani?" unauliza. Neno moja tu, "Mimi", latosha: kabla hujafungua mlango umekwisha jua kuwa ni shangazi, wala si jirani.

Utambuzi huo huanzia kooni. Hewa itokayo mapafuni hutikisa nyuzi za sauti, kisha koo, mdomo na pua huipa sauti umbo lake. Viungo hivyo havilingani baina ya watu, ndiposa sauti hutofautiana.

Sikio hugeuza mawimbi ya sauti kuwa ishara zinazopelekwa ubongoni. Mnamo 2000, mtafiti Pascal Belin na wenzake walionyesha kuwa sehemu fulani za ubongo, karibu na masikio, husisimka zaidi kwa sauti za binadamu kuliko kwa sauti nyinginezo. Hata hivyo, kuelewa maneno na kumjua msemaji ni kazi mbili. Wapo wagonjwa wanaoelewa kila neno lakini hawaitambui sauti ya jamaa yao.

Lugha nayo ina uzito wake. Mdigo wa Diani huwatofautisha wasemaji wa Chidigo kwa wepesi, lakini ikiwa hajui Kijerumani, watalii wanaozungumza ufuoni huenda wakamwia kama mtu mmoja.

Hatari huzuka pale sauti inapokuwa ngeni. Katika majaribio ya Frances McGehee nchini Marekani, yaliyochapishwa 1937, asilimia 83 ya wasikilizaji waliitambua sauti ngeni baada ya siku moja. Baada ya miezi mitano, waliofaulu walikuwa asilimia 13 pekee.

Ndiyo sababu mahakama huwa na tahadhari. Katika kesi ya Choge, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za 1985, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema ushahidi wa sauti unakubalika, mradi ihakikishwe kwamba sauti ni ya mshtakiwa, kwamba shahidi aliizoea, na kwamba mazingira hayakuruhusu makosa.

Kwa hivyo, aliyevamiwa usiku na kusikia sauti aandikishe taarifa mapema: alisikia maneno gani, kwa muda gani, na sauti hiyo aliizoea wapi. Kusema "nilimjua kwa sauti" pekee hakutoshi, kwani kosa la sikio laweza kumfunga asiye na hatia.