Nyumba-gari za Marekani na kamio zetu za Manono

Ndugu wahitimu, kuko Marekani kuna watu wanaosafiri na nyumba yao. Ni gari kubwa lenye kitanda, jiko, bafu na choo ndani; tuiite nyumba-gari. Jioni wanaingia kambi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya KOA ilianza na kambi moja pale Billings, Montana, mwaka 1962. Leo iko nazo mamia. Zingine ni za kifahari kabisa, na bwawa la kuogelea.

Bwawa tuliache. Kinachonivutia ni vitu vitatu kando ya viwanja vingi: umeme (ampea 30 au 50), bomba la maji safi, na shimo la machafu. Chini ya gari kuna matanki mawili, moja la choo, lingine la maji ya sabuni. Unamwaga kwanza la choo, halafu la sabuni, ili maji yake yasafishe mpira. Aliyepata kiwanja bila shimo anapeleka uchafu wake mahali pamoja palipotengwa. Kumwaga ovyo barabarani kunakatazwa.

Juu ya nini ninawaambia haya watu wa Manono? Juu kamio zetu nazo ni nyumba. Toka Lubumbashi mpaka Manono ni kama kilometa 500 kuelekea kaskazini, na wakati wa mvua poto-poto inaweza kushika kamio siku nyingi. Abiria wanalala juu ya mizigo chini ya bashi, shofere kwenye kabini, wengine kwenye mkeka katikati ya magurudumu. Usiku kamio zinasimama pamoja kwa usalama, na karibu na mto kwa sababu ya maji.

Shida inaanzia hapo. Mmoja anajaza bidoni, mwingine anaoga, wa tatu ameingia porini hatua kumi tu kutoka mtoni. Kolera si habari mpya katika mkoa wetu. Muulize mtu wa Kalemie. Mdudu wake anapita kwa choo na maji. Mtu anaweza kuwa naye tumboni bila kuumwa, akapanda kamio, akamwacha kijiji cha mbele. Aliyeshikwa vibaya, bila matibabu, anaweza kufa kwa saa chache.

Parkingi zetu hazihitaji ampea 30. Zinahitaji choo cha shimo, mita 30 au zaidi kutoka kisima au mto, upande wa chini, na sehemu ya chini ya shimo iwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Pipa lenye kifuniko na robine. Klorini. Sabuni, au hata majivu.

Nani atachunga? Yule mama anayeuza bukari na sombe pale kila usiku. Tayari yeye ndiye meneja wa kambi, ila hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo. Kila kamio itoe kitu kidogo mkononi mwake. Mashofere wanalipa barieri nyingi zisizowapa hata tone la maji, hii ingewapa.

Lithium inaita kamio zingine, na kila moja inakuja na watu wake. Chamani tuko na wauguzi na wahandisi. Ninapendekeza tuchague parkingi moja, tuongee na chifu wa pale na yule mama, na shimo lichimbwe mbele ya mvua za mwezi wa kumi.