Je, Wajua? Hofu Ina Njia ya Mkato

Miguu hupata habari kabla yako

Wanaopanda Mlima Meru, wenye mita 4,566, huanzia lango la Momella wakiongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Nyati mmoja akiinua kichwa vichakani, majani yangali yananing'inia mdomoni, utajikuta umeganda kabla jina lake halijakujia. Kazi hiyo ni ya amigdala, sehemu ya ubongo yenye ukubwa wa lozi, moja kila upande wa kichwa. Mtafiti Mmarekani Joseph LeDoux alionyesha kwa panya kwamba sauti ya hatari huifikia kwa njia ya mkato. Gawanya sekunde moja mara 1,000: safari hiyo huchukua vipande 12 hivi! Njia ndefu hupitia tabaka la nje la ubongo, tunakotambua mambo, nayo huchelewa kufika. Heri kurukia kamba ukidhani nyoka kuliko kumkanyaga nyoka ukidhani kamba.

Nyati kaondoka, damu bado iko vitani

Juu ya kila figo lako kuna tezi ndogo. Kwanza humwaga adrenalini, na mara moja moyo huenda mbio na mate hukauka. Kisha hufuata kotisoli, homoni ya msongo, ambayo kilele chake huja dakika 20 hadi 30 baada ya tishio.

Asiyejua hofu naye alishikwa na hofu

Kuna mwanamke Marekani ambaye ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake zote mbili. Nyoka hawamtishi, wala filamu za kutisha. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 alivuta mara moja hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksidi, akapatwa na hofu kuu. Kumbe hofu inayotoka ndani ya mwili, kama ile ya kukosa pumzi, ina njia yake nyingine!

Siku 10 za dhiki, siku 21 hazikutosha

Hili ndilo lililonigusa zaidi. Huko Bangalore, India, panya walibanwa wasiweze kusogea, saa 2 kila siku kwa siku 10. Matawi ya seli za amigdala yalikua, ilhali yale ya hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, yalisinyaa. Baada ya mapumziko ya siku 21 hipokampasi ilirudi hali yake, lakini amigdala ilibaki vilevile, na panya nao wakabaki na wasiwasi. Kwa hiyo tusimwambie aliyepita katika dhiki, "Si yameshaisha?"

Tembo hunusa adui kwenye shati

Amboseli, Kenya, tembo walipewa nguo zilizovaliwa na Wamaasai na nyingine zilizovaliwa na Wakamba. Harufu ya nguo za Wamaasai, ambao vijana wao walikuwa wakiwachoma tembo kwa mikuki, iliwafanya wakimbie kwa kasi zaidi na mbali zaidi, mtu mwenyewe hayupo! Utafiti huo ni wa mwaka 2007, lakini wahenga walishasema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kiti cha mfalme ni cha moto

Hapo hapo Amboseli, kinyesi cha nyani dume kilipimwa homoni kwa miaka 9. Matokeo ya mwaka 2011: dume namba moja kwa cheo ana msongo mkubwa kuliko namba mbili. Kila siku ni kupigania cheo na kulinda majike.

Wababe walipokufa, kundi likatulia

Mtafiti Robert Sapolsky alianza mwaka 1978 kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara. Aliwapulizia vishale vya dawa ya usingizi, kisha akawapima damu. Kwa kawaida madume wanyonge walikuwa na kotisoli nyingi hata wakiwa wamepumzika. Katika miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walikula nyama yenye kifua kikuu kwenye jalala la hoteli, wakafa wote. Walibaki majike na madume wapole. Kufikia mwaka 1993 hakukuwa na dume hata mmoja wa zamani aliyesalia. Madume wote walikuwa wageni kutoka makundi mengine, lakini walikuwa wameshika upole wa wenyeji, na damu ya wanyonge haikuonyesha tena dalili za msongo.